Chombo cha Kutafutia Samaki Mtumbwini: Hesabu Betri Kwanza, Ndipo Uchague Kioo

Watu wafikao katika ofisi za kilimo na uvuvi siku hizi, hasa wale watokao kando ya Ziwa Victoria, huuliza habari za mashine ndogo ionyeshayo samaki walio chini ya mtumbwi. Wengine wameiona katika simu, wengine wameiona mikononi mwa watalii wavuao kwa ndoano, nao wataka kujua kama yafaa kununuliwa, na ikiwa yafaa, ipi. Swali ni zuri, lakini mara nyingi huulizwa kwa kuanzia mkiani. Mtu huuliza ukubwa wa kioo na rangi zake. Habari za umeme wa kukiendesha huzikumbuka akiisha kulipa.

Mtumbwi hauna umeme. Hata ule wenye injini ndogo ya kuwashwa kwa kamba, kwa kawaida hauna betri. Basi kila kitu kitakachowashwa humo yapasa kije na nguvu zake, nazo nguvu hizo zina uzito, zina bei, na zina mwisho. Mtu aweza kutumia fedha za nyavu mbili tatu kwa kununua chombo kizuri, kisha kikamzimikia saa nne ya asubuhi, naye yu mbali na nchi kavu. Kwa sababu hii, katika somo hili tutatazama kwanza chombo chafanya nini, na ni nani kimfaacho. Kisha tutafanya hesabu ya betri, na kioo tutakichagua mwishoni.

Namna kifanyavyo kazi

Mabaharia wa pwani tangu zamani walijua kutia bildi. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwa kamba yenye alama, nacho hutupwa majini mpaka kiguse chini, na kamba ikahesabiwa pima ngapi. Wengine walipaka mafuta mazito chini ya ile risasi, ili ipande na mchanga au tope, wajue wapo juu ya chini ya namna gani. Chombo cha leo chafanya kazi ile ile, ila badala ya kamba chatumia sauti.

Kipande kidogo kiwekwacho majini, ambacho wauzaji hukiita transdusa, hutoa sauti kali sana tusiyoweza kuisikia kwa masikio. Sauti hiyo hushuka, hugonga chini, na mwangwi wake hurudi juu. Majini sauti huenda kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde moja, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Na tufanye hesabu ndogo. Ikiwa maji yana kina cha mita 15, sauti hushuka mita 15 na kupanda mita 15, jumla mita 30. Gawanya 30 kwa 1,500, utapata sehemu 2 za mia za sekunde. Chombo hupima muda huo mfupi, na kwa muda huo chajua kina.

Samaki naye hurudisha mwangwi. Lakini mwili wa samaki ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nyama yake pekee hairudishi sauti nyingi. Kirudishacho sauti sana ni kile kibofu cha hewa kilicho tumboni mwake, maana hewa na maji ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Mbuta anacho, ngege anacho, changu na chewa wa baharini wanacho. Papa na taa hawana, kwa hiyo mwangwi wao ni dhaifu, na mvuvi awatafutao hao asitegemee sana chombo hiki. Katika mambo haya Wajapani walitangulia. Ndugu wa jamaa ya Furuno, huko Nagasaki, walitengeneza chombo cha kutafutia samaki kilichouzwa kwa wavuvi mwaka 1948, nacho kilikuwa kikubwa cha kuwekwa katika meli. Hiki cha kubebwa kwa mkono kina asili moja nacho.

Sasa twafika katika jambo liwapotezalo wengi. Kioo cha chombo hiki si dirisha. Usidhani kwamba waona picha ya maji yote kutoka omo mpaka tezi, samaki huyu yu kushoto na yule yu kulia. Ukingo wa kuume wa kioo ndio sasa hivi, chini ya mtumbwi. Yote yaliyo upande wa kushoto ni mambo yaliyokwisha kupita. Ni daftari, kila mstari mpya huandikwa kuumeni na ya zamani husukumwa kushoto. Daftari hili huendelea kuandikwa hata mtumbwi ukiwa umesimama. Mvuvi aliyetia nanga aweza kuona mstari mrefu mnene, akadhani yupo juu ya mbuta wa ajabu, kumbe ni samaki mmoja wa kawaida aliyetulia kivulini mwa mtumbwi, naye mwangwi wake umeandikwa mara mia.

Mtumbwi ukienda polepole, samaki mmoja huandikwa mfano wa upinde. Sababu yake ni hii: sauti hutoka kama mwanga wa tochi, nyembamba juu na pana chini. Samaki akiingia pembeni mwa mwanga huo yu mbali kidogo na transdusa. Akifika katikati yu karibu. Akitoka yu mbali tena. Mbali, karibu, mbali: ndio upinde. Ukiona nusu ya upinde tu, samaki alipita ukingoni. Kundi la omena huonekana kama wingu. Chini yenye mwamba huandikwa kwa mstari mkali, na mara nyingine mwangwi wa pili huonekana chini ya ule wa kwanza. Tope huandikwa kwa mstari dhaifu zaidi. Tofauti hiyo ya mwamba na tope, kwa maoni yangu, ni yenye faida kubwa kuliko picha za samaki, maana ndiyo iokoayo nyavu zisiraruke na kamba za ndoano zisinase.

Vyombo vingi vina namna ya kuonyesha vijisamaki vilivyochorwa, vyenye mikia na mapezi. Vijisamaki hivi hupendeza macho, na wauzaji huvionyesha kwanza. Lakini chombo hakimjui samaki. Kila mwangwi ulio peke yake hukibahatisha kuwa samaki: kijiti kilichozama, mapovu, kipande cha magugu. Zima vijisamaki hivyo, ujifunze kusoma mwangwi wenyewe. Wala chombo hakitakuambia kama mbuta uliyemwona amefikia sentimita 50 zitakiwazo au hajafikia. Hilo utalijua kwa kipimo mkononi.

Ni nani kimfaacho

Mwanga ule wa sauti una upana wake, nao watofautiana kwa chombo na chombo. Kwa transdusa za kawaida za maji mafupi, zitumiazo kilohezi 200, pembe yake huwa kadiri ya digrii 20. Kwa pembe hiyo, upana wa duara uonwao chini ni kama theluthi moja ya kina. Katika mita 2 za maji waona duara la sentimita 70, si zaidi ya upana wa mkeka mdogo. Katika mita 10 waona mita 3 na nusu. Katika mita 40 waona mita 14.

Hesabu hii yatuambia mambo mengi. Sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam ni maji mafupi, ya mita chache tu. Mvuvi wa ngege avuaye karibu na mafunjo, penye mita moja au mbili, atalipa fedha nyingi aone nafasi ya sentimita 70, na samaki wenyewe watakuwa wamekwisha kukimbia kivuli cha mtumbwi. Huyu asinunue. Macho yake na ujuzi wa baba yake wamtosha. Tena penye gugumaji, ile mizizi mirefu hukatiza sauti, na kioo hujaa uchafu.

Mvuvi wa omena naye afikiri sana. Omena hukaa chini mchana, na usiku hupanda juu, tena taa huwavuta karibu na uso wa maji. Chombo hiki hakioni vizuri vitu vilivyo karibu mno na transdusa, kama katika mita ya kwanza hivi, kwa sababu mwangwi hurudi kabla sauti yenyewe haijaisha kutoka. Basi omena walio chini ya taa, pale pale wanapongojewa na wavu, ndipo chombo kinapokuwa kipofu. Chaweza kumsaidia kuchagua mahali pa kutega kabla ya usiku kuingia, lakini hilo ni jambo dogo kwa fedha nyingi.

Kimfaacho hasa ni yule avuaye katika maji marefu nje ya ghuba, upande wa Mfangano na kuendelea, kwa kamba za ndoano au nyavu za kutega za kumnasa mbuta. Ziwa Victoria kina chake kikubwa ni mita 80 na kitu, na huko nje mtu hawezi kujua kwa macho penye mteremko, penye mwamba, na penye tope. Vivyo hivyo katika Ziwa Turkana, ambako kina hupita mita 100 mahali pengine. Na pwani, mvuvi wa ngalawa atafutaye changu na chewa ukingoni mwa mwamba atapata msaada, maana samaki hao hupenda pale mwamba unapovunjika. Akitaka kuvua nje zaidi, penye bahari kuu, yafaa achague transdusa yenye sauti nzito ya kilohezi 50 hivi, ambayo hushuka mbali zaidi. Ile ya 200 huonyesha vema katika maji mafupi lakini huchoka upesi.

Hesabu ya betri

Katika duka la mji mtu aweza kusikia mazungumzo ya namna hii.

"Mzee, chukua hii ya inchi 9. Samaki utawaona kama sinema."

"Yatumia ampea ngapi, kijana wangu?"

"Haili moto mwingi, mzee. Hata betri ya pikipiki yatosha."

"Nimekuuliza ampea ngapi. Fungua kitabu chake tusome."

Mzee huyu ndiye mnunuzi. Kitabu kikitaja wati tu, gawanya kwa 12, maana vyombo vingi hivi ni vya volti 12. Wati 6 ukigawanya kwa 12 wapata nusu ampea.

Ampea ni kadiri ya umeme utokao, mfano wa maji yatokayo katika bomba. Ampea-saa, ambayo juu ya betri huandikwa Ah, ni kadiri ya umeme uliowekwa, mfano wa maji yaliyomo katika mtungi. Betri ya Ah 7 yaweza kutoa nusu ampea kwa saa 14 kabla ya kukauka. Hivyo ndivyo hesabu isemavyo katika karatasi. Lakini betri ya risasi na asidi haipendi kukaushwa. Ukiimaliza kabisa mara kwa mara, itakufa mapema sana. Kanuni nzuri ni kutumia nusu tu ya kilichoandikwa. Betri za lithiamu za aina iitwayo lithiamu-chuma-fosfeti zavumilia zaidi. Waweza kutumia sehemu 8 katika 10 bila kuzidhuru.

Sasa tuchukue mvuvi mmoja atokaye saa kumi na moja ya alfajiri na kurudi saa saba ya mchana. Hizo ni saa 8. Chombo chake ni cha inchi 5, kitumiacho kadiri ya nusu ampea. Nusu mara 8 ni Ah 4. Tena huchaji simu yake kwa betri ile ile, nasi tuhesabu Ah 2 kwa ajili ya simu. Jumla Ah 6. Akitumia betri ya risasi, azidishe kwa mbili: Ah 12. Betri ya namna hiyo ina uzito kama wa kilo 4. Akitumia lithiamu, agawanye 6 kwa 0.8, apate Ah 7 na nusu. Kwa hiyo anunue ya Ah 10, ambayo uzito wake ni kilo moja na kitu. Bei ya lithiamu ni kubwa zaidi siku ya kununua, lakini hudumu mara nyingi kuliko ile ya risasi, na katika mtumbwi mwembamba kilo tatu si kitu cha kudharau.

Basi tuone ile ya inchi 9 ya yule kijana wa dukani. Kioo kikubwa chenye mwanga mkali chaweza kutumia ampea 2. Kwa saa 8 ni Ah 16. Kwa betri ya risasi, zidisha kwa mbili, ni Ah 32. Na betri ya kadiri hiyo ina uzito wa kilo 10 hivi. Huo ni mzigo wa mtoto mzima katika mtumbwi, tena mtoto mwenye asidi tumboni. Na kila jioni yataka kurudishiwa umeme wote huo.

Betri ya pikipiki nayo tuitazame, kwa kuwa watu wengi wanayo. Betri hiyo imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, ili injini iwake, kisha injini yenyewe huijaza tena. Bamba zake ni nyembamba. Kuitumia kidogo kidogo kwa saa nyingi, siku kwa siku, ni kuiua. Zile zenye maji ya asidi humwagika mtumbwi ukilala upande, na asidi huchoma ngozi na macho. Ikimpata mtu, aoshe mara moja kwa maji mengi safi, aendelee kuosha, kisha apelekwe zahanati. Afadhali betri iliyofungwa kabisa, mfano wa zile za taa za dharura na ving'ora vya nyumbani.

Wengine huuliza habari za pawabenki ya simu. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 yaonekana kubwa kuliko betri ya Ah 7, lakini namba hizo hazilingani, kwa kuwa volti zake si sawa. Zidisha Ah kwa volti, ndipo ulinganishe. Pawabenki ina Ah 10 kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37. Betri ile ina Ah 7 kwa volti 12, yaani wati-saa 84. Tena pawabenki ya kawaida hutoa volti 5, na chombo cha volti 12 hakitawaka kwayo. Viko vyombo vidogo vilivyotengenezwa kwa volti 5. Hivyo pawabenki yafaa, na kwa safari ya saa tatu nne huo ni mpango mwepisi wa kupendeza.

Kuchaji pia kuna hesabu yake. Paneli ya sola ya wati 20, katika jua zuri, hutoa ampea moja na kidogo. Kwa saa tano za jua kali utapata kama Ah 4 hadi 5, baada ya kutoa zipoteazo njiani. Yule mvuvi wetu wa Ah 6 hatajaza betri yake kwa siku moja kwa paneli hiyo. Yataka siku moja na nusu, na wakati wa masika zaidi. Kama aenda ziwani kila siku, yafaa atafute paneli ya wati 40, au achaji kwa umeme wa gati, au asichaji simu kwa betri hiyo. Paneli isiungwe na betri moja kwa moja bila kile kisanduku kidhibiticho chaji, nacho kisanduku kiwe cha aina ya betri yako: chaja ya risasi kwa risasi, ya lithiamu kwa lithiamu. Kosa hili la kuchanganya chaja ndilo liwezalo kuleta moto ndani ya nyumba usiku.

Kuchagua kioo

Baada ya hesabu hii, kuchagua ni kwepesi. Kwa mtumbwi, kioo cha inchi 4 au 5 chatosha. Kitazame nje ya duka, juani, usikitazame chini ya taa ya dukani. Kioo king'aacho ndani ya duka chaweza kuwa kijivu kitupu ziwani saa sita. Kumbuka pia kwamba kuongeza mwanga wa kioo ni kuongeza ampea. Asubuhi na jioni punguza mwanga, nawe utaokoa betri. Tazama kama kimeandikwa IPX7: maana yake chaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila kuingia maji. Jambo la GPS si la anasa. Litakuonyesha ulipotega nyavu jana, na njia ya kurudi gatini ukungu ukishuka, nalo halili umeme mwingi.

Iko aina nyingine iliyo mfano wa mpira mdogo, ambao hutupwa majini na kuelea, na picha huja katika simu bila waya. Ina betri yake ndani. Ni rahisi kubeba, haina haja ya kufungwa ubavuni, na kwa mtu avuaye kwa ndoano akiwa amesimama mahali pamoja yafaa. Lakini itumiapo simu, simu ndiyo iishiwayo moto, na simu hiyo hiyo ndiyo ya kuitia msaada ziwani. Mtu achaguaye mpira huu achukue simu ya pili, hata ile ndogo ya vibonyezo, aifunge katika mfuko usioingia maji na kuiacha imezimwa mpaka itakapohitajiwa.

Kukifunga

Katika mashua za plastiki ngumu transdusa yaweza kugandishwa ndani, chini, nayo hupiga sauti kupita ubaoni. Katika mtumbwi wa mbao jambo hili halifai. Mbao ina vitundu vya hewa ndani yake, na hewa huikata sauti. Wala usitoboe mtumbwi. Tengeneza mkono wa mti au bomba, uufunge ubavuni kwa kibano au kamba, na transdusa iwe mwishoni mwake, ikizama sentimita kumi au zaidi chini ya maji, imelala sawa na uso wa maji. Ikiinama, kina kitakachoandikwa kitakuwa cha uongo, maana sauti itakwenda kwa mshazari. Iwe mbali na injini na mahali makasia yanapochapa, kwa ajili ya mapovu. Mkono huo uweze kukunjika nyuma ukigonga jiwe, nao uinuliwe kabla ya kufika gatini. Nyingi huvunjika pale pale ufukweni, watu wakisaidiana kuvuta mtumbwi juu, si kule ziwani.

Betri iwekwe katikati, chini, ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko, na kisanduku kifungwe kwa kamba katika mbao za mtumbwi. Waya wa chanya uwe na fyuzi, karibu kabisa na betri, wa ampea zilizoandikwa katika kitabu cha chombo; mara nyingi ni 3. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusana na mwenzake hugeuka mwekundu kama kaa la moto, na ndani ya mtumbwi huna pa kukimbilia. Viungo vya waya vipakwe grisi kidogo. Kwa maji ya bahari, kila safari ikiisha suuza transdusa na mkono wake kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Namna ya kuanza

Siku ya kwanza usiende mbali. Chukua kamba, funga jiwe, tia mafundo kila mita moja, uwe na bildi yako mwenyewe. Nenda mahali unapopajua, mita tatu au nne, upime kwa kamba, kisha utazame chombo chasema nini. Fanya hivyo mahali patatu: penye mchanga, penye tope, penye mwamba, na kila mahali ukumbuke mstari wa kioo ulivyo. Kazi hii ya asubuhi moja itakufunza kuliko kitabu kizima.

Tena nunua mita ndogo ya volti, ambayo bei yake si kubwa, na daftari. Betri ya risasi iliyojaa, ikiisha kupumzika saa kadhaa, husoma volti 12.7 hivi, ikibaki nusu husoma 12.2 au chini kidogo. Ikishuka chini ya 12, usitoke nayo. Betri ya lithiamu haipimiki vema hivyo, kwa sababu volti zake hukaa karibu sawa mpaka inapokaribia mwisho, kisha huanguka ghafula. Kwa hiyo hesabu saa zilizotumika, au nunua ile yenye kipimo chake. Andika katika daftari saa ya kutoka na volti za betri. Ukirudi, ipumzishe, upime tena, uandike, na siku iyo hiyo uitie chajini, kwa kuwa betri ya risasi ikilala bila umeme huharibika.

Baada ya safari tano utajua kwa hakika chombo chako chala kiasi gani katika maji yako, na kwa mwanga ule uutumiao. Ikiwa kwa saa 8 betri yashuka kupita nusu, usiongeze betri upesi. Kwanza jaribu kuzima chombo wakati nyavu zimekwisha kutegwa nawe wangoja tu, kwa maana saa za kungoja ndizo nyingi, na chini ya ziwa haibadiliki unapokunywa chai. Wala usitoke siku ambayo Idara ya Hali ya Hewa imetangaza upepo mkali ziwani kwa kuwa kioo chaonyesha samaki. Na jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe.